Kupangisha nyumba ya familia ukiwa ughaibuni: tenganisha funguo, fedha na fundi

Nyumba ya familia ikikaa wapangaji huku mwenyewe yuko Muscat, London au Minneapolis, matatizo huanza kwa mambo madogo. Kodi ya miezi sita imepokelewa, lakini ya miezi miwili "imeenda kwa fundi". Bomba la jikoni lilianza kuvuja mwezi wa kumi, habari unazipata mwezi wa pili ukuta ukiwa umeshalowa. Mpangaji mliyekubaliana naye alikuwa mtu na mkewe. Leo kuna familia mbili, na sebuleni kuna saluni. Ukiuliza unajibiwa, "Wewe uko huko, hali ya huku huijui." Maneno hayo yanauma, hasa inapokuwa nyumba ambayo wazazi waliijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka mingi, na wewe mwenyewe ulituma hela ya bati.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na Dar es Salaam akilini, na kwa sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na Kenya ina zake, ingawa mengi ya upande wa ndugu, madalali na mafundi yanafanana popote pwani.

Karibu kila kilio ninachokisikia kwa wenzetu wa nje kina chanzo kimoja: mtu mmoja amekabidhiwa funguo, fedha na fundi. Yeye anatafuta mpangaji, yeye anapokea kodi, yeye anaamua kitu gani kitengenezwe na kwa bei gani. Hata ndugu mwaminifu ukimweka hapo utamtesa, maana siku mtoto wake atakapolazwa hospitali, laki sita zako zitakuwa ziko kwenye simu yake. Hatua zote zinazofuata zina kazi moja kubwa, kuyatenganisha hayo matatu.

Hatua ya 1: Jua nani ana haki ya kupangisha

Hapa wengi hupita haraka, na ndipo ugomvi mkubwa unapozaliwa. Kama mzee amefariki na mirathi haijafunguliwa, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kusaini mkataba kwa jina lake, hata yule aliyelipia nondo zote. Familia ikae kikao, ipendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama imteue. Muhtasari wa kikao uandikwe na usainiwe na warithi wote, pamoja na mlio nje. Humo humo andikeni kodi itagawanywaje: kwanza matengenezo na kodi za serikali, kisha sehemu ya mama kama yupo hai, kinachobaki ndicho cha watoto. Msiache hili kwa mdomo. Shemeji ambaye leo anasema "sisi hatuna neno" kesho atauliza kodi ya miaka mitatu ilikwenda wapi.

Kama nyumba ni yako na umeoa au umeolewa, kumbuka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mpe mwenzi wako asaini kwenye mkataba kama shahidi wa ridhaa yake, kazi iishe.

Na ikiwa umeshachukua uraia wa nchi nyingine, muone wakili kabla ya kitu kingine chochote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inambana sana asiye raia katika umiliki wa ardhi, na ni bora swali hilo uliulize wewe kuliko kuulizwa na mtu anayeitamani nyumba yenu.

Kisha kusanya nyaraka: hati au leseni ya makazi, stakabadhi za kodi ya ardhi, namba ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), namba ya akaunti ya maji, barua ya usimamizi wa mirathi. Zipige picha zote, zitunze mahali ambapo angalau watu wawili wa familia wanaweza kuzifikia. Hati halisi isikae ndani ya nyumba inayopangishwa, wala kwa mtu anayeisimamia.

Hatua ya 2: Gawa kazi kwa watu

Unahitaji watu wasiopungua wawili ambao hawategemeani. Mmoja ni msimamizi: anashika funguo za akiba, anapita kuangalia nyumba, anakutana na mpangaji. Mwingine anahusika na mafundi. Fedha haipiti kwa yeyote kati yao. Inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki yenye jina la mwenye nyumba au la mirathi. Benki kubwa za Tanzania zina akaunti maalumu za diaspora zinazofunguliwa ukiwa huko huko uliko, na taarifa za kila muamala unazisoma kwenye simu.

Ugumu upo kwenye kumwambia ndugu. Baba mdogo amekuwa akipokea kodi tangu mzee alipofariki, na leo wewe mtoto unataka kumnyang'anya. Usimtumie ujumbe mkavu wa maagizo. Mpigie kwanza, umsalimie, muulize hali ya shangazi na watoto, kisha maandishi yafuate. Yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo baba mdogo. Nakushukuru sana kwa kuishika nyumba ya marehemu kaka yako muda wote huu. Sisi watoto tumekaa tukaona tumekubebesha mzigo mzito peke yako. Kuanzia mkataba ujao kodi itaingia benki kwenye akaunti ya mirathi, ili usisumbuliwe tena na maswali yetu. Wewe utabaki kuwa mkubwa wetu pale nyumbani: mpangaji mpya hataingia bila wewe kumuona. Kwa kazi hiyo tumekutengea posho yako kila kodi inapoingia, tarehe ile ile. Tunaomba baraka zako."

Angalia kilichofanyika hapo. Heshima yake imebaki, ana sauti kwenye jambo la maana, na posho yake ni haki yake, haombi wala hajikatii. Ninaliamini sana hili la posho. Ndugu anayesimamia nyumba bure hujilipa mwenyewe, na huwezi kumlaumu, maana nauli ya daladala na vocha anazitoa mfukoni mwake. Asilimia 10 ya kodi ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo.

Kama msimamizi atasaini mkataba kwa niaba yako, mpe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili. Ukiwa nje, uliza ubalozi wa Tanzania utaratibu wa kuithibitisha. Cha msingi ni mipaka yake. Itaje nyumba kwa namba ya kiwanja, iseme anaruhusiwa kusaini mkataba wa pango usiozidi mwaka mmoja na kukuwakilisha kwenye Baraza la Ardhi, na itamke wazi kwamba haruhusiwi kuuza, kuweka rehani, kuongeza jengo wala kupokea kodi taslimu. Weka tarehe ya mwisho. Hati ya uwakilishi isiyo na mipaka wala tarehe ni hatari hata mikononi mwa mtu mwema, kwa sababu naye ana watoto, na karatasi itabaki hata asipokuwepo yeye.

Hatua ya 3: Rekodi hali ya nyumba

Kabla mpangaji hajaingia, msimamizi apite na simu kwa video, chumba kwa chumba, akitaja tarehe. Mwambie asikimbie. Afungue kila koki, avute maji chooni asubiri yajae, ainue kamera kwenye kona za dari ambako bati linalovuja huacha alama za kahawia, aoneshe chini ya sinki, vitasa, soketi, na mita ya umeme namba zake zikisomeka. Nje aoneshe simtanki, shimo la choo na mawe ya mipaka ya kiwanja. Video hiyo mtumie mpangaji naye, ajibu kwa maandishi kwamba ameiona. Siku ya kuondoka mtabishana kidogo sana.

Hatua ya 4: Mpangaji na dalali

Dalali ni mtu wa kawaida kabisa kwenye biashara hii, na ujira wake uliozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja. Shida ni dalali mwenye funguo. Mwenye funguo anaweza kuionesha nyumba kwa watu watatu kwa siku, akapokea "ya kushikilia" kwa kila mmoja, nawe ukaja kusikia kwa jirani. Funguo zibaki kwa msimamizi. Dalali aje na mteja, aondoke na mteja. Picha za nyumba anazozitupia mitandaoni ziwe na maneno kwamba kodi hulipwa benki tu kwa jina la mwenye nyumba.

Mpangaji atoe nakala ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mwenye nyumba wa zamani na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka. Huyo mwenye nyumba wa zamani mpigie wewe mwenyewe. Uliza maswali mawili tu: alilipa kwa wakati, na aliondokaje? Kisha ongea na mpangaji kwa video kabla hajalipa. Akuone sura, ajue nyumba ina mwenyewe na jina lake analifahamu.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, tena Kiswahili ambacho fundi seremala na mwalimu wote wataelewa. Zaidi ya jina, kiasi na muda, mkataba wa mwenye nyumba aliye mbali unahitaji mambo haya yaliyo rahisi kusahaulika:

- Idadi ya watu watakaoishi, na kwamba hakuna kumpangisha mtu mwingine wala kugeuza nyumba kuwa saluni, ghala, shule ya chekechea au mahali pa ibada bila kibali cha maandishi.
- Kodi italipwa kwenye akaunti fulani tu, na fedha aliyopewa mtu mwingine yeyote haihesabiki kuwa imelipwa. Sentensi hii moja imeokoa familia nyingi.
- Mpangaji hakati kodi kufidia matengenezo aliyoyafanya mwenyewe bila ruhusa.
- Notisi ya kuondoka ni muda gani kwa kila upande.
- Ukaguzi wa nyumba kila baada ya miezi mitatu, kwa taarifa ya siku saba.
- Amana ya kodi ya mwezi mmoja, na lini itarudishwa.

Kodi iandikwe kwa shilingi. Najua diaspora tunapenda dola kwa sababu ya kushuka kwa shilingi, lakini tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma ndani ya nchi. Badala yake weka muda mfupi wa mkataba, mwaka mmoja, ili bei ipitiwe wakati wa kuuongeza. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, ambao ni 1% ya kodi ya mwaka. Watu huupuuza kwa kuuona mdogo, wakati mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mkifika mbele ya sheria.

Nakala moja ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wakijua nani anaishi pale kwa mkataba upi, kazi ya tapeli inakuwa ngumu.

Hatua ya 5: Kodi inapoingia, na kodi za serikali

Dar es Salaam kulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo ni jambo la kawaida. Kwa aliye mbali nashauri miezi mitatu mitatu. Ya mwaka mzima inakufanya ulale miezi kumi na moja bila kuuliza chochote, na mpangaji aliyelipa mwaka hana sababu ya kukujali mpaka mwaka uishe. Ya kila mwezi nayo inaleta simu za kudai kila tarehe moja, na simu hizo zinachosha pande zote.

Mpangaji akiwa kampuni au shirika, atakata kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Kwa mwenye nyumba mkazi kiwango ni 10%. Mdai cheti cha zuio, maana ndicho ushahidi wako Mamlaka ya Mapato (TRA). Ukiishi nje huenda huhesabiwi mkazi, kwa hiyo thibitisha hali yako na mshauri wa kodi na uwe na namba yako mwenyewe ya mlipakodi (TIN), siyo ya msimamizi. Wenzetu wa Kenya tofauti hii inawagusa sana: mkazi anayepangisha nyumba ya kuishi analipa 7.5% ya kodi anayopokea tangu Januari 2024, ilhali asiye mkazi hukatwa 30%.

Usisahau upande wa pili. Mkazi wa Uingereza na raia au mkazi wa kudumu wa Marekani wanatakiwa kutaja mapato ya nje pia kwenye ritani zao, yaani fomu za kodi za kila mwaka. Na kwa walio Marekani, akaunti zako za nje zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ndani ya mwaka, zinapaswa kuripotiwa hata kama hela hiyo ni ya mirathi na wewe umeweka saini tu.

Hatua ya 6: Umeme, maji na kodi ya majengo

Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa za mijini 7,500 kwa kila sakafu. Kisheria deni ni la mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni mpangaji anaponunua umeme, na ugomvi wa shilingi 1,500 unaweza kuharibu uhusiano wa miaka. Andika kwenye mkataba kwamba makato hayo yatarudishwa kwenye kodi inayofuata, au kwamba kodi imeshapunguzwa kwa ajili hiyo. Nyumba yenye mita kadhaa, hakikisha haikatwi kwenye kila mita.

Maji ni hatari zaidi, kwa sababu bili hufuata baada ya matumizi. Namba ya akaunti ya maji unayo. Angalia deni mwenyewe kila mwezi. Mpangaji akihama na deni la miezi mitano, mamlaka ya maji itakudai wewe.

Hatua ya 7: Matengenezo

Weka kiwango. Chini ya hapo, tuseme shilingi 50,000, mtu wako wa mafundi anatengeneza kwanza kisha anatuma risiti. Juu ya hapo hakuna kazi inayoanza bila picha ya tatizo, bei za mafundi wawili na jibu lako. Bila kiwango, ama utapigiwa usiku kwa sababu ya balbu, ama utaambiwa paa limeezuliwa upya bila wewe kujua.

Vifaa na ufundi vilipwe mbali mbali. Fundi aandike orodha, wewe upige simu duka la vifaa vya ujenzi na kulipa kwa lipa namba ya duka, fundi achukue mzigo. Duka litoe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Ufundi ulipwe nusu mwanzo, nusu baada ya video ya kazi iliyokwisha, na kwa kazi ya bomba video hiyo ipigwe maji yakiwa wazi. Kwa njia hii bei ya koki inakuwa bei ya koki. Fundi mzuri hatachukia. Atakayekasirika kwa kunyimwa hela ya vifaa amekwambia jambo la maana mapema.

Kuna kazi zisizosubiri simu. Kila Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, mtu apande juu aangalie misumari ya bati, gata na matawi ya mwembe yanayogusa paa. Shimo la choo linyonywe kabla ya mvua, maana likijaa wakati wa mvua ni vita na majirani. Nyumba za karibu na bahari zikaguliwe nondo za vizingiti na baraza: ukiona zege limepasuka kwa mstari na kutu inatoka, ziba mapema, kwa sababu chumvi haipumziki. Mchwa nao huanzia kwenye fremu za milango, gonga usikie kama mbao imebaki ganda.

Hatua ya 8: Mpangaji asiyelipa au asiyetoka

Usikubali ushauri wa "tuma vijana wakang'oe mlango". Ukifunga kufuli vitu vya mtu vikiwa ndani, utageuka wewe mshitakiwa, na uko nje ya nchi huwezi hata kujitetea. Siku ya kwanza ya kuchelewa tuma ujumbe wa maandishi wa kistaarabu. Baada ya hapo notisi kwa mujibu wa mkataba, ipelekwe kwa mkono, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, apokee kwa saini au shahidi aandike kwamba amekataa.

Asipotii, shauri linaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya 2021 kazi ya baraza hilo kwenye ardhi ni kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo hati ya uwakilishi, mkataba wenye stempu, taarifa za benki na zile video zinapofanya kazi. Wakati mwingine njia ya bei nafuu ni kumsamehe mwezi mmoja kwa maandishi ili atoke tarehe fulani. Inauma, lakini piga hesabu ya miezi ya kesi kwanza.

Ndugu anayekaa bure naye apewe karatasi, hata ya nusu ukurasa, inayosema anaishi kwa ruhusa ya familia na bila kodi, isainiwe upya kila mwaka. Vivyo hivyo jirani aliyesogeza ukuta usimuonee haya: Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 kudai ardhi, na miaka hiyo hupita upesi sana kwa mtu anayekuja nyumbani mara moja baada ya muda mrefu.

Hatua ya 9: Ukija likizo

Mtumie mpangaji taarifa ya siku ya ukaguzi kabla hujasafiri. Ukifika, kaa naye peke yake bila msimamizi, umuulize alilipa lini na kwa nani, na nini kimeharibika ambacho hukuambiwa. Kisha kaa na msimamizi, naye umsikilize hivyo hivyo. Zunguka mipaka na mtu mzima wa mtaa anayejua mawe yalipo. Mshukuru mwenyekiti wa mtaa kwa kwenda ofisini kwake. Kodi ya ardhi ya mwaka huo ilipe kwa kumbukumbu namba yake, na picha ya stakabadhi iweke kwenye kundi la familia kabla hujapanda ndege.